Kamba ya Kupimia Kioo

Stanley alipoleta usukani wa gemu hapa kwetu Iguguno, sisi watu wazima tulicheka. Usukani hauna gari, pedali hazina injini, na mtu anakaa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye Fuso bovu anazungusha mikono mbele ya tivii kama anayefukuza nzi. Fundi wa kuchomelea alimtengenezea fremu ya chuma. Kiti, usukani na pedali vikafungwa humo kwa bolti, ukilisukuma dude lote linakwenda pamoja kama kitanda. Tivii ilikuwa kivyake, juu ya meza, imeegemea ukuta. Kwenye kioo chake unaona barabara, kona, vumbi, na magari ya wenzako. Ukigonga hakuna anayekufa. Vijana walilipendea hilo.

Chediel alilipendea jambo jingine. Chediel alikuwa dereva wa kweli.

Huyu Chediel ndiye mume wa Agripina, na Agripina ni dada yake Stanley, wote watoto wa Yunisi. Zamani kidogo alikuwa anaendesha Fuso la alizeti. Siku moja akiteremka mlima wa Sekenke na mzigo, juu ya magunia amekaa Fredrick, kitinda mimba wa Yunisi, aliyekuwa ameomba lifti. Gari likaipita kona, likalala. Chediel alitoka na mkwaruzo wa kiwiko. Fredrick walimfukua chini ya alizeti kama mtu anayefukua kiazi. Polisi wakapima, wakasema ni breki, wakamwachia Chediel aende zake. Tajiri wake akaliuza lile Fuso kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na tangu siku hiyo hakuna aliyempa Chediel usukani.

Watu walimsubiri Yunisi apige kelele. Hakupiga. Alimzika mwanawe, akafunga kitenge chake vizuri, akarudi shambani.

Sasa, kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mama mkwe akitokea njiani huku, wewe unaiacha njia, unaingia kwenye mtama wa watu. Mnaweza kuwa kanisa moja, lakini yeye kule na wewe huku, na katikati inabaki nafasi ambayo yeye akinyoosha mkono na wewe ukinyoosha, vidole havigusani. Kukiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu, hata kama mnasikiana. Ni heshima, wala si uadui. Kinacholegeza heshima hiyo ni mbuzi. Mkwe anapeleka mbuzi, mama mkwe anamchinja, ukoo unakula, na kuanzia hapo wanaweza walau kukaa chumba kimoja wakasalimiana kama watu.

Baada ya mazishi Chediel alipeleka mbuzi jike, mweupe, mnene, kwa mkono wa wazee, pamoja na maneno ya kuomba radhi. Maneno yenyewe hakuweza kuyasema mwenyewe, maana angeyasemaje bila kumkaribia? Yunisi akampokea mbuzi. Akamfunga zizini, akampa majani. Hakumchinja. Kumrudisha kungekuwa kuvunja ndoa, na kumchinja kungekuwa kusamehe. Kwa hiyo akamfuga. Mbuzi akazaa pacha, pacha wakakua nao wakazaa. Mtu akimuuliza, Yunisi anajibu taratibu, "Nitamla siku nikisikia njaa." Na mwaka ule mvua zilikuwa zimekatika mapema, watu walikuwa wanachemsha mlenda bila ugali.

Agripina alipokaribia kujifungua, mama yake alimwita nyumbani ajifungulie kwao, kama ilivyo desturi. Akamzaa Jesca. Arobaini ikapita, mtoto akakaa, akatambaa, akasimama kwa kushika ukuta, na Agripina bado yuko kwa mama yake. Chediel akatuma wazee. Yunisi akawapikia uji, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu si wa kulishwa upepo. Siku huyo kijana akiwa na usukani mkononi, aje amchukue mke wake. Mzigo nitaufunga mwenyewe."

Wazee wakashukuru. Walidhani wamepewa mlango.

Basi mwaka huu Zefania akanunua lori jipya. Zefania ni mzaliwa wa hapa hapa, ana kinu cha kukamua mafuta ya alizeti Singida mjini, ana tumbo na ana maneno. Alisimama mbele ya banda la gemu la Stanley siku ya gulio, akasema, "Madereva wa siku hizi wananijaribia kwenye gari langu! Sasa nawajaribia kwenye gari la Stanley. Asiyeweza kukata kona ya kwenye kioo hatakata ya Sekenke na mzigo wangu. Atakayeshinda, ufunguo wake huu. Na nyumba ya dereva ipo yadi kwangu, vyumba viwili na umeme."

Vijana wakacheka wakidhani ni utani. Zefania akauning'iniza ufunguo kidoleni. Haukuwa utani.

Chediel akaanza kuja kwenye banda kila alipotoka kibaruani. Mwanzo alikuwa anagonga kuliko watoto wa shule. Anaingia kona kwa kasi, anakanyaga breki, kona imeshapita, gari liko mchangani. Vijana wanashangilia, "Dereva wa Sekenke huyo! Shusheni abiria!" Stanley naye anacheka, na yule aliyekufa alikuwa mdogo wake wa damu.

Halafu siku moja Chediel akaja na uzi wa katani. Akakaa kitini, akashika ncha moja kwenye pembe ya jicho lake, akamwomba mtu aivute ncha nyingine mpaka kwenye kioo. Akafunga fundo. Akapima na upana wa kioo, akafunga fundo jingine. Akatoa simu, akapiga hesabu. Kisha akaingia mahali kwenye gemu pameandikwa herufi tatu za Kizungu, ambazo vijana wanazisoma kama neno moja, fovu, yaani upana wa kuona. Ilikuwa tisini. Akaishusha mpaka hamsini.

"Mbona umebana hivyo, shemeji?" Stanley akamuuliza. "Sasa hapa si unachungulia kwenye tundu la ufunguo?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Gari lenyewe limepoa! Linatembea kama trekta."

"Liko kasi ile ile. Macho yako ndiyo yalikuwa yanadanganywa." Chediel akageuka kitini. Akiongelea gari huwa anasahau kwamba watu wanamcheka. "Kioo ni dirisha, Stanley. Ukikaa karibu na dirisha unaona mengi ya nje, ukikaa mbali unaona kidogo. Hilo hulipangi wewe, linapangwa na jicho lako liko wapi. Sasa wewe umekaa hapa, halafu umeliambia gemu likuonyeshe digrii tisini. Limefanyaje? Limeibana dunia nzima iingie kwenye kidirisha kidogo. Kila kitu kimesinyaa, na kitu kikiwa kidogo jicho linasema kiko mbali. Kona unaiona iko kwa jirani, kumbe iko mlangoni kwako."

Mzee Antipasi, ambaye huja bandani kwa ajili ya kivuli tu, akasema, "Jamani, Chediel ana digrii hamsini. Sisi ukoo mzima hatuna hata moja."

Watu wakaangua kicheko. Chediel naye akacheka. Akaendesha. Akakata kona ya kwanza, ya pili, ile mbaya iliyopinda kama jino la jembe akaikata pia, bila kugusa. Kicheko kikakatika.

"Na mtu akiweka hiyo hamsini yake," Stanley akauliza baadaye, kwa sauti ya mtu asiye na neno, "halafu akarudi nyuma na kiti?"

"Inarudi yale yale. Kila unaporudi nyuma, ile hamsini inakuwa ya uongo. Inabidi upime upya, ushushe tena. Ndiyo kazi ya kamba."

"Kwa hiyo kamba ndiyo kila kitu."

"Kamba, na kiti kisisogee."

Stanley akamnunulia soda. Chediel akaipokea kwa mikono miwili.

Jioni hiyo nilikuwa uani kwa Yunisi, nimefuata ungo wangu. Yunisi alikuwa anapepeta uwele, Stanley amechuchumaa pembeni anamsimulia, mikono inapima hewani, huku jicho, huku kioo. Mimi nilidhani ni hadithi za vijana. Yunisi akauweka ungo chini.

"Rudia hapo pa kurudi nyuma," akasema.

Stanley akarudia.

"Kwa hiyo akikaa mbali, kona anaiona iko mbali."

"Ndiyo, mama."

"Na haiko mbali."

"Haiko."

Akauchukua ungo tena. "Na siku ile ya Fredrick alikuwa amekaa wapi?" akauliza. Stanley akaangalia chini, akaanza kuchora mchanga kwa kijiti. Yunisi akaendelea kupepeta mpaka uwele ukawa safi, akanipa ungo wangu, akaniuliza hali ya mguu wangu. Mimi nikaondoka.

Wengine wote walishindwa mapema. Walibaki wawili, Chediel na Stanley mwenyewe, ambaye naye alikuwa ameingia. Zefania akapanga Jumapili baada ya ibada, kila mtu aendeshe peke yake njia ile ile, mizunguko ile ile, gemu lenyewe lihesabu muda. Mwenye muda mfupi ndiye mwenye ufunguo.

Jumapili ile banda lilijaa mpaka watu wakaning'inia kwenye mbao za paa. Wanawake tulikuwa nje, upande wa dirisha kubwa. Agripina alisimama karibu yangu, Jesca mgongoni. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu, lile la bluu, na amejipaka mafuta. Mzigo wake alikuwa ameshaufunga tangu alfajiri, yeye mwenyewe, si mama yake.

"Bibi, ataweza," akaniambia. "Juzi alimpita Stanley mbali kabisa. Nilichungulia nikaona."

"Mungu akipenda."

"Ataweza," akasema tena.

Stanley akaanza. Aliendesha na tisini yake, gari linaruka kama panzi, watu wanapiga mbinja. Aligonga ukuta mara mbili, mara moja akaingia kwenye majani, lakini alimaliza. Muda ukaandikwa kwenye kioo. Haukuwa mbaya, ila kila mtu bandani alijua kwamba Chediel huwa anaupata muda kama huo akiwa anapiga stori.

Stanley akainuka, akapangusa kiti kwa kitambaa. "Nimekuwekea hamsini yako, shemeji," akasema. "Usije ukasema nimekuhujumu."

"Ahsante, shemeji."

"Ngoja kwanza. Mama naye anataka amwone mkwe wake akiendesha. Macho yake hayafiki mbali."

Akatoka na kiti cha plastiki mkononi. Aliporudi alikuwa anamwongoza Yunisi. Watu wakapisha. Akakiweka kile kiti ubavuni mwa meza, pale pale kwenye tivii, mbele ya usukani. Yunisi akaketi, akatandaza kitenge magotini, akakunja mikono. Uso wake na kioo vikawa pamoja, kama picha mbili zilizotundikwa ukuta mmoja.

Chediel alikuwa ameshika kiti, mguu mmoja uko ndani ya fremu. Akautoa. Akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akachuchumaa, uso ameugeuzia nje.

"Shikamoo, mama."

Yunisi akauambia ukuta, "Stanley, mwambie marahaba."

"Mama anasema marahaba."

Mzee Antipasi akakohoa, akasema kwa heshima, "Mama Stanley, si ungesogea huku kwa akina mama? Dirishani kuna nafasi."

"Macho yangu, baba," Yunisi akajibu. "Huko sioni. Na wanaoshindana leo wote ni wanangu, huyu wa tumboni na yule wa kuoa. Niwakalie mbali?"

Mzee Antipasi akamtazama Zefania. Zefania akafungua mikono. "Mimi siwezi kumwinua mama wa mtu kwenye kiti," akasema. "Na nina safari ya mjini. Kijana, unaendesha au huendeshi?"

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe inuka. Hawezi kumkalia pua kwa pua akamkodolea macho mbele ya kijiji. Chediel alikaa pale amechuchumaa. Kisha akaingia akiwa ameinamisha kichwa, akaishika ile fremu kwa nyuma, akaanza kuivuta. Vyuma vikakwaruza sakafu. Akavuta mpaka ikabaki nafasi ile ya heshima, na ya heshima zaidi, mpaka kiti kikafika karibu na mlango. Na waya wa usukani ukafika. Jana yake waya ule ulikuwa mfupi, vijana walikuwa wanaulalamikia kila siku. Leo ulikuwa mpya, mrefu, umezungushwa vizuri chini ya meza.

Chediel aliuona. Nilimwona anauangalia waya, kisha anamwangalia Stanley. Stanley akatabasamu.

"Naomba nipime upya," Chediel akasema.

"Pima upesi," Zefania akasema.

Akatoa kamba yake mfukoni. Akakaa, ncha moja akaiweka kwenye pembe ya jicho. Ncha nyingine ilitakiwa ifike kwenye kioo, na kati ya jicho lake na kioo, kwa ubavu, kilikuwepo kichwa cha Yunisi, na kilemba chake cheupe cha kanisani. Kijana mmoja akaidaka ile ncha, akaanza kwenda nayo mbele, kamba inanyooka, inapita hewani juu ya bega la mama mkwe.

Yunisi akainua uso. Hakumtazama Chediel. Alitazama kamba.

"Stanley," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "mwambie mwenzako. Kamba niliyoletewa na yeye ilikuwa ya kumpimia Fredrick kaburi. Ya kunipimia mimi bado."

Yule kijana aliiachia ile ncha kama imemuunguza.

Nikasikia Agripina anavuta pumzi. Pale dirishani tulipokuwa, mtu angeweza kuingiza mkono ukaifikia ile meza. Agripina ni mtoto wa Yunisi; kamba ikipitishwa na mtoto wa tumbo lake ni kitu kingine, kinasameheka, kwani hata mbeleko ya mtoto humfunga mama. Akaingiza mkono. Aliunyoosha mpaka begani, Jesca mgongoni akaanza kulalamika kwa kubanwa na nondo za dirisha. "Lete," akasema. "Chediel, nirushie. Nitaishika mimi."

Chediel alimwona. Alikuwa na ile kamba kiganjani. Akautazama mkono wa mkewe, akakitazama kilemba, akatikisa kichwa. Akaikunja kamba, akairudisha mfukoni.

"Nitakadiria," akasema.

Akaishusha hamsini ikawa arobaini. Mahali alipokuwa amekaa sasa ilitakiwa ishuke chini ya hapo sana, pengine nusu yake, lakini namba ndogo hivyo hakuwahi kuitumia, na mtu akiharakishwa hushika kilicho karibu na alichokizoea. Akaanza.

Mwanzoni alikwenda. Dereva ni dereva. Alijua kwamba kioo kinamdanganya, kwa hiyo kila kona akawa anakanyaga breki kabla jicho halijamwambia. Tatizo lilikuwa jingine. Hakuweza kuangalia kioo bila kumwona Yunisi. Akiinua macho, uso wa mama mkwe uko pale pale, kando ya barabara. Akayageuza macho, akawa anaendesha kwa ubavu kama kuku, kichwa kimeinama, jicho moja. Na bado alikuwa mbele ya muda wa Stanley. Watu wakaanza kumhesabia kona kwa sauti. Mzee Antipasi alikuwa amesimama. Agripina alikuwa bado ameshika nondo.

Mzunguko wa mwisho. Imebaki ile kona ya jino la jembe.

Yunisi akageuza kichwa. Tangu aketi alikuwa anaangalia tivii. Sasa akageuka taratibu, akamwangalia Chediel usoni, macho kwa macho. Jambo hilo mama mkwe halifanyi. Halikuwahi kufanyika mbele ya watu, si kwetu. Na Chediel akafanya kile alichofundishwa tangu yuko jandoni. Akainamisha macho.

Alipoyainua, kona ilikuwa bado ndogo, bado iko mbali, iko kwa jirani. Akakanyaga breki. Gari likavuka barabara, likaingia mchangani, likapinduka, likalala chali, magurudumu yanazunguka. Gemu lile lina sauti. Tulisikia vyuma, tulisikia kitu kama magunia yanamwagika.



Yunisi akasimama. Akakunjua kitenge chake, akakikung'uta kana kwamba kina makapi. Akawaambia watu wote, akiwa anaangalia kile kioo, "Nashukuru. Siku ile sikuwepo. Nilikuwa nasimuliwa tu, kila mtu na lake. Nilitaka nione ilivyokuwa." Akamgeukia Stanley. "Mwambie mkwe wangu ana adabu. Wengi siku hizi hawana."

"Mama anasema una adabu, shemeji," Stanley akasema.

Chediel alikuwa bado ameshika usukani. Zefania akamrushia Stanley ufunguo, Stanley akaudaka kwa mkono mmoja. Huyu Stanley leseni anayo, ila ya kununua. Lori lenye mzigo hajawahi kulishika. Zefania hakuuliza. Alikuwa ameshatoa ahadi mbele ya watu na alikuwa na safari.

Nilimfuata Agripina mpaka nyuma ya banda. Chediel naye akaja, akasimama mbali kidogo, mikono haijui iende wapi.

"Nilinyoosha mkono," Agripina akasema.

"Niliuona."

"Kamba ni kamba, Chediel. Ungeniachia nibebe lawama mimi. Ni mama yangu. Angenilaani akanisamehe, ndiyo kazi yake."

"Mke wangu, ningewezaje? Baada ya Fredrick? Nimpitishie kamba tena?"

"Kwa hiyo ulimchagua yeye."

"Nilimheshimu."

"Mheshimu basi," Agripina akasema. "Mimi nimechoka kukaa katikati yenu. Wewe unamwogopa, yeye anakufuga, na mimi nalea." Akaifungua mbeleko, akamshusha mtoto, akampa. "Mshike. Nakwenda kubadilisha hii nguo."

Stanley hakungoja kesho. Nyumba ya vyumba viwili ilikuwa wazi, alizeti ya Zefania ilikuwa imeshapakiwa, akasema anahama leo leo na mama yake na dada yake. Lori lilisimama barabarani, injini inanguruma. Yunisi alikuwa ameshapanda mbele, amekaa upande wa dirisha, mlango uko wazi. Alikuwa amejifungia mzigo wake, na ule wa Agripina aliufungua akaufunga upya, maana alisema ulikuwa umelegea. Agripina alipita upande wa dereva, akaketi katikati. Hakugeuka nyuma.

Akabaki mtoto.

Chediel alikuja naye barabarani, amembeba kifuani. Akatembea akilielekea lori, tukamwona anapunguza mwendo, anapunguza, halafu anasimama. Mlango uliokuwa wazi ni wa Yunisi. Kumfikisha mtoto pale ilibidi amfikie mama mkwe, mkono kwa mkono. Akaangalia upande wa pili. Stanley alikuwa ameshaufunga mlango wake, amepandisha kioo.

"Shemeji, mlete basi, jua linazama!" Stanley akapiga kelele kutoka ndani.

Chediel hakusogea. Alimnusa mtoto kichwani. Akasema kitu ambacho hatukukisikia. Kisha akamnyooshea Mzee Antipasi, Mzee Antipasi akampokea, akanipa mimi, nami nikampandisha. Mikono ya Yunisi ilikuwa inangoja, imenyooka, imetulia.

Jesca alidhani anachezeshwa. Kila mkono uliompokea alicheka, na alipofika kwa bibi yake akageuka akanyoosha mikono yake midogo kule alikotoka, akisubiri arudishwe.

Yunisi akavuta mlango, ukafungika.